Anayelinda Jamvi Naye Alindwe

Ndugu Wanachama,

Msimu unapokaribia ni desturi yangu kuandika katika ukurasa huu juu ya bei, magunia, na wale wenzetu wasiochoka kuchanganya makonyo ndani ya karafuu. Safari hii naomba radhi. Mambo hayo yote yamo katika taarifa ya mkutano, na kila mtu atayasoma kwa wakati wake. Leo nataka kusema juu ya ngozi ya binadamu, na sababu ninayo.

Wengi wenu mwajua kwamba dada yangu mkubwa ameolewa na Mpemba mwenzetu aliye na duka la vyombo huko Mlowo. Mlowo ni mji wa Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na upo kando ya njia kuu iendayo Tunduma na Zambia. Kutoka kwetu ni safari ya boti, kisha basi la kupita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya. Nchi ile ni ya juu na ya baridi, na watu wake hulima mahindi na kahawa. Kahawa yao huishughulikia kama sisi tunavyoshughulikia karafuu: huichuma kwa mkono, huianika juani, na huihofia mvua.

Jirani wa shemeji yangu ni mkulima wa kahawa, mtu mzima mwenye heshima zake. Alikuwa na kijana wa kiume aliyezaliwa na ualbino. Lile jina la zamani tulilokuwa tukiwaita watu hawa sitaliandika hapa, maana lina dharau ndani yake na wenyewe hawalipendi. Macho ya kijana huyu hayakuona vizuri, na kahawa huchumwa kwa kuchagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Basi baba yake alimpa kazi aliyoiona nyepesi: kukaa penye vichanja vya kuanikia, kuigeuza kahawa kwa mikono, na kuifunika mvua ikitaka kunyesha. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, msimu baada ya msimu. Baba alidhani kwamba amemhurumia mwanawe.

Nilipokwenda mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, tulikaa pamoja barazani tukinywa chai. Nikaona juu ya sikio lake la kushoto pana baka gumu, lenye magamba kama ukoko wa wali. Alipolikuna lilitoa damu kidogo, naye akaifuta kwa kitambaa kama mtu aliyezoea. Mimi niliona, nikaona haya kuuliza. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, na si adabu kumkodolea mtu macho katika kasoro yake. Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Mwaka huu nimekwenda tena, nimekwenda kwa taazia. Kijana amekufa, naye alikuwa na umri wa miaka 27.

Nilielezwa mambo yalivyokwenda. Kwanza walinunua dukani dawa ya choa, wakaipaka miezi mingi. Kisha mganga akalifunga sikio kwa majani. Kilipokwishakuwa kidonda chenye kunuka, na tezi ya shingo imevimba, ndipo walipokwenda hospitali, wakapelekwa Mbeya, na kutoka huko Dar es Salaam. Madaktari walifanya waliloweza, na walichoweza wakati ule kilikuwa ni kupunguza maumivu. Baba yake aliniambia hivi: "Mwanangu, lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, nami nililiona kila siku." Sikuwa na la kumjibu, kwani nami niliona.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Sasa tutazame kwetu. Katika mashamba ya chama chetu wako watoto na vijana wenye ualbino. Nao pia macho yao ni dhaifu, hivyo hatuwapandishi mikarafuu. Sote twajua kazi tunayowapa: kulinda jamvi. Mtoto hukaa penye jamvi la karafuu siku nne au tano, tangu karafuu zikiwa mbichi mpaka zikauke, akifukuza kuku na kutazama mawingu. Twamweka hapo kwa huruma, kama yule baba wa Mlowo alivyofanya. Wala hapana mahali pabaya zaidi tungeweza kumweka.

Yafaa tuelewe kwa nini. Ndani ya ngozi ya mtu mna rangi, na rangi hiyo kazi yake ni kama ya mwavuli: huizuia miale ya jua isiunguze chembe hai zilizo chini. Mwenye ualbino amezaliwa bila ya rangi hiyo au anayo kidogo sana, kwa kuwa baba na mama kila mmoja amempa mbegu isiyoitengeneza. Wazazi wenyewe waweza kuwa weusi kabisa, na hakuna aliyekosa. Miale inayodhuru haionekani kwa macho, wala haihisiwi kama joto. Hupita katika mawingu. Na kadiri mtu apandavyo juu ndivyo inavyozidi: kila mita 1,000 huiongeza kiasi cha sehemu moja katika kumi. Ndiyo maana baridi ya Mlowo ilimdanganya yule kijana. Hakuhisi kuungua, na kumbe alikuwa akiungua. Nasi wa pwani tusijione salama kwa sababu tuko chini. Tuko karibu na mstari wa Ikweta, na jua letu la saa sita li juu ya utosi.

Khabari hizi si ngeni. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya watu 350 wenye ualbino, wakaonyesha kwamba jua huanza kuiharibu ngozi tangu mtoto yu mchanga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini Tanzania watu zaidi ya 16,000 wenye hali hiyo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 dunia nzima ilisikia juu ya mauaji yao, na ilikuwa haki isikie. Lakini walio wengi zaidi huuawa na saratani ya ngozi, kimya kimya, mbele ya macho ya watu wawapendao.

Haya basi, tutaijuaje ikiwa bado ni ndogo?

Alama ya kwanza aghlabu huhisiwa kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho. Ni mahali padogo usoni, sikioni, shingoni, kwenye mdomo wa chini, au mgongoni mwa mkono, panapokwaruza kama msasa. Waweza kupabandua, kesho parudi. Hapo bado si saratani, ila ni mlango wake.

Ya pili ni kidonda kisichopona. Kidonda chochote cha mwenye ualbino kikipita wiki nne hakijafunga, au kikafunga kisha kikafunguka tena, au kikitoa damu kwa kuguswa tu, huyo ni mtu wa kwenda kwa daktari kesho asubuhi, asingojee mavuno yaishe.

Ya tatu ni uvimbe unaokua: kijinundu kinachong'aa chenye kingo zilizoinuka, au kigumu kama pembe ndogo, au mdomo uliopasuka na ukakataa kupona.

Sasa nawasikia wanachama wengine wakisema, "Sisi ngozi zetu nyeusi, haya hayatuhusu." Yanatuhusu. Mtu mweusi saratani mbaya ya ngozi humjia mara nyingi mahali pasipo na rangi nyingi: unyayoni, kiganjani, na chini ya ukucha. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaica, mwaka 1977 aliambiwa kwamba doa lililokuwa chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu ni saratani. Akafa mwezi wa Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, mwaka mmoja tu baada ya kuimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Nasi tunaokwenda shamba miguu mitupu, nani kati yetu huutazama unyayo wake? Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Doa jeusi unyayoni linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi mbili tatu, au mstari mweusi wa ukucha unaozidi upana na kuingia katika nyama, si wa kudharauliwa.

Tena kuna kidonda ndugu. Tunao wazee wenye kidonda cha mguu cha miaka 10 au 20, na wengine wenye kovu la moto la tangu utotoni. Kidonda au kovu la namna hiyo, likikaa muda mrefu, huweza kugeuka saratani. Likianza kuota nyama kingoni, kunuka kuliko desturi, au kutoa damu, lisifungwe kitambaa tu. Likaonyeshwe.

Na si kila baka ni saratani, jambo hili nalo tulijue ili tusitishane bure. Mabaka mengine ni choa, na dawa yake ni rahisi. Baka jeupe au jekundu lisilohisi, hata ukiligusa kwa unyoya wa kuku mtu hajui kama ameguswa, yamkini ni ukoma. Ukoma siku hizi hutibiwa kwa vidonge kwa miezi 6 au 12, dawa ni bure, na mtu hupona. Lililo muhimu ni kwamba mimi na wewe hatuwezi kutenganisha haya kwa kutazama tu, wala muuza duka hawezi. Kazi yetu ni kuona na kupeleka, ya daktari ni kutambua. Yeye hukata kipande kidogo kwa ganzi, kikatazamwa kwa hadubini, na hapo ndipo jina la maradhi hujulikana.

Wapo wasemao kwamba saratani haitaki kisu, kwamba ikikatwa huchachamaa. Maneno haya yameua watu. Watu waliona wagonjwa waliokatwa wakafa, lakini hawakuhesabu kwamba walikwenda kukatwa wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kile kikwaruzo cha mwanzo huugandishwa kwa naitrojeni iliyofanywa maji kwa baridi kali. Ni kazi ya dakika chache, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kingine hupakwa dawa maalumu kwa wiki kadhaa. Saratani iliyo ndogo bado hukatwa yote kwa ganzi, ikashonwa, na mara nyingi huwa imekwisha. Ikiachwa ndipo huingia mfupani na katika tezi, ikataka upasuaji mkubwa na mionzi, na mionzi yataka safari ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au nyingine mfano wake. Pimeni wenyewe, kati ya nauli ya kwenda Mkoani na gharama ya kulala Dar es Salaam miezi, ipi iliyo nafuu.

Kinga nayo si ghali kama tunavyodhani. Ya kwanza ni kivuli. Ya pili ni nguo: shati la mikono mirefu, suruali au kanga ya kufika chini, na kofia pana. Tena kofia ndogo ya mbele peke yake haifai, maana huacha masikio na shingo wazi, na sikio ndilo lililomwua kijana wa Mlowo. Hapa kwetu mabibi wanajua kusuka pama za ukili zenye ukingo mpana. Hazihitaji kununuliwa ng'ambo. Ya tatu ni kujiepusha na jua baina ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ya nne ni mafuta ya kukinga jua. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na humo yametengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyofanywa khasa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta hupakwa kabla ya kutoka, kisha hurudiwa kila baada ya saa mbili, na hayachukui nafasi ya kofia na shati. Tena yasichanganywe na yale mafuta ya kujichubua wanayouziwa mabinti zetu. Hayo huidhoofisha ngozi, na hayakingi jua.

Ndugu wanachama, mimi ninalo pendekezo, nami nitalileta mbele ya mkutano mkuu. Mambo yenyewe ni manne.

Kwanza, kuanzia msimu huu asiwekwe mtu mwenye ualbino kulinda jamvi katika shamba la mwanachama yeyote. Apewe kazi ya barazani, ya kuchambua karafuu na makonyo, ambayo vidole huifanya kuliko macho, na alipwe sawa na wengine kwa pishi. Asinyimwe kazi kwa jina la kumhurumia, kwani njaa nayo ni maradhi.

Pili, chama kinunue mashati ya mikono mirefu na pama za ukili kwa kila mtoto wa mwanachama mwenye hali hiyo, na kiwaandikie Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kilichoanza mwaka 1978, kuulizia njia ya kupata mafuta.

Tatu, tarehe 13 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliifanya siku ya watu wenye ualbino tangu mwaka 2015, iwe siku yetu ya kutazamana ngozi kila mwaka, kabla msimu haujachanganya. Tumwombe daktari au muuguzi kutoka Hospitali ya Abdalla Mzee aje atutazame. Waje wenye ualbino, waje wenye vidonda ndugu, na sisi wengine tuje tuvue viatu.

Nne, uwepo mfuko mdogo wa nauli. Asiwepo mtu aliyeandikiwa barua ya kwenda Mnazi Mmoja au bara, akakaa nyumbani kwa kukosa nauli.

Mzee wangu mmoja wa kamati amekwisha kuniambia, "Katibu, chama hiki ni cha karafuu, si cha hospitali." Namheshimu, na jibu langu ni la adabu. Mchumaji akianguka mkarafuuni sote hutoa mchango, na hapana hata mmoja aulizaye kama chama hiki ni cha hospitali. Twaona kwamba ameumia katika kazi ya karafuu, basi karafuu imtibu. Aliyekaa miaka 20 juani akilinda karafuu hizo hizo naye ameanguka, ila ameanguka polepole, hatukusikia kishindo.

Mwingine amesema kwamba ajali haina kinga. Nami naamini kuwa ajali ya mtu imekwisha kuandikwa. Lakini sijamwona mwanachama aliyeacha karafuu zake juani mvua inakuja, akasema zikiandikiwa kuloa zitaloa. Sote hukimbia kuanua. Naomba tumkimbilie mtoto kama tunavyolikimbilia jamvi.

Yuko wa tatu aliyeniambia kwamba ni aibu kumwambia mtu juu ya baka lake. Huyu ndiye ninayemwelewa kuliko wote, kwa sababu aibu hiyo niliikaa mimi mwenyewe barazani Mlowo, na kikombe mkononi. Kama ningalisema maneno matatu siku ile, huenda yule kijana angalikasirika, na huenda angalikwenda hospitali. Sasa hayupo wa kunikasirikia.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano, nawaomba jambo moja ambalo halihitaji kura wala fedha. Leo jioni, taa ikiwaka, mtazame mwanao masikio, shingo na mdomo. Mtazame mzee wako kile kidonda cha mguu. Kisha kaa chini, ugeuze unyayo wako mwenyewe. Ukiona kitu usichokielewa, usikipake kitu. Kionyeshe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twajua ukuta wenyewe hujengwa wapi.

Wenu katika kazi,

Katibu wa Chama